Kifusi Si Shamba: Mwongozo Kamili wa Kuondoa Maji na Kuzuia Mmomonyoko Kwenye Mteremko wa Mgodi Uliofukiwa

Kila mwaka ni yale yale. Kuanzia Juni kikundi kinasawazisha kifusi cha maduara ya zamani (mashimo ya wachimbaji wadogo), kinapanda nyasi, kinapiga picha. Novemba mvua zikinyesha mara tatu tu, mteremko umechanika mifereji, udongo mweusi uliobebwa kwa toroli uko kwenye kijito, na miche inaning'inia mizizi nje. Msimu unaofuata watu wanarudia kazi ileile kwa nguvu zaidi.

Kosa karibu kila mara ni moja: kifusi kinatibiwa kama shamba. Shambani tumefundishwa kuyazuia maji, kwa fanya juu, matuta ya kontua na mashimo ya kuvunia mvua, na huko ni sawa kabisa. Kifusi ni mawe, changarawe na udongo vilivyomwagwa bila kushindiliwa. Ndani kina mianya, na mara nyingi chini yake kuna duara lililofukiwa juujuu. Ukiyasimamisha maji hapo, yanazama, yanajichimbia njia, na siku yakitokeza yanatoka na mteremko.

Hili nililijua kwa gharama. Msimu wangu wa kwanza, nje kidogo ya mji wa Geita, nilisimamia mtaro wa kontua wa mita 40, usio na mwinamo hata wa sentimita moja. Ulipendeza. Asubuhi baada ya mvua kubwa tuliukuta mkavu, tukashangilia kwamba ardhi imekunywa. Mita 6 chini yake kulikuwa na tundu la upana wa sufuria ya msibani, likitoa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Kufikia Jumamosi lilikuwa korongo la kumeza toroli.

Kwa hiyo kanuni ya mwongozo huu ni kuyatembeza maji polepole hadi yatoke nje ya kifusi, bila kuyahifadhi juu yake. Vipimo vyote vimekusudiwa kifusi cha mawe na udongo kisichozidi kimo cha mita 10 na eneo la nusu hekta. Zaidi ya hapo mtafute mhandisi.

## Mambo manne ya kukagua kabla ya kushika sululu

Marudio. Lundo la mchanga laini uliopita kwenye kinu, likapitiwa zebaki au sayanaidi, halihusiki hapa. Usilikate, usilisambaze, usilipande mboga. Novemba 2022 ukingo wa bwawa la marudio kule Mwadui, Shinyanga, ulipasuka na tope likafunika maeneo ya nje ya mgodi, na huo ulikuwa mgodi wenye mitambo na wataalamu. Ukilikuta lundo la namna hiyo, taarifu kwanza ofisi ya madini ya mkoa na NEMC, baraza la taifa la mazingira.

Maji ya rangi ya chungwa. Tazama mguu wa kifusi. Ukiona utando wa rangi ya kutu, au mawe yana madini ya pairaiti yanayong'aa kama dhahabu lakini ukiyagonga yanavunjika badala ya kubondeka, yakipata hewa na maji yatazalisha asidi. Chovya karatasi ya kupimia pH (kiwango cha asidi) kwenye maji hayo. Kama pH iko chini ya 5, simama na umwite mtaalamu, kwa sababu nyasi utakazopanda zitakufa na maji utakayoyaongoza kijitoni yatakuwa na sumu.

Maduara yaliyo wazi au yaliyozama. Yazungushie uzio, weka alama, na hakikisha hakuna mtaro wako unaopita karibu nayo. Nyufa zinazokwenda sambamba na ukingo wa juu ni onyo: mtu asifanye kazi chini yake.

Umbali wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Bwawa lako la tope na mdomo wa mifereji vikae nje ya mstari huo. Mwenye leseni ya uchimbaji mdogo anatakiwa pia kuwa na mpango wa utunzaji wa mazingira. Kazi hii iingizwe humo, ili mkaguzi akija mwe mnasoma ukurasa mmoja.

## Vifaa

Vikusanye vyote kwanza. Nimeona kazi ikisimama wiki mbili kwa kukosa mawe, na mvua hazikusubiri.

- Fremu ya A: fito mbili za mita 2.5, moja ya kati, kamba na jiwe. Nafasi kati ya miguu iwe mita 2 kamili.
- Ubao ulionyooka wa mita 1, pima maji ya fundi uashi, na futi.
- Vigingi kama 60 na kamba ya katani.
- Sululu, majembe, machepe, mtaimbo, toroli, na gogo zito lenye mpini la kushindilia.
- Mawe magumu ya sentimita 20 hadi 30. Mfereji wa kushushia maji wa mita 20 unakula karibu mita za ujazo 15, na hapo ndipo magwangala, yaani mawe ya taka ya mgodi, yanapopata kazi ya heshima. Yagonge kwa nyundo: linalomong'onyoka au kung'aa kwa pairaiti liache.
- Changarawe ya kuchujia, mita za ujazo 4.
- Machipukizi ya vetiva (nyasi ndefu yenye mizizi ya kwenda chini sana), kama 2,500 kwa kila mita 100 za mstari.
- Vipande vya ukoka, mbegu za marejea, na nyasi kavu kwa wingi.
- Chupa tupu za maji zinazoonyesha ndani, kopo lenye pande zilizonyooka la kupimia mvua, karatasi za kupimia pH.
- Buti, glovu, kofia ngumu.

Ukanda wa Geita na Kahama kazi ya udongo ifanyike Juni hadi Septemba, na vetiva iingie ardhini mvua zinapoanza. Kwingine hesabu kwa mvua za kwenu.

## Hatua ya 1: Jua maji ni kiasi gani na udongo ni wa aina gani

Panda hadi juu ya kifusi, geuka uangalie nyuma. Maji mengi yanayoharibu kifusi hayakunyesha juu ya kifusi. Yanatoka kilimani nyuma yake, kwenye njia ya ng'ombe au barabara ya malori.

Kadiria eneo kwa hatua za miguu. Kisha fanya hesabu hii: zidisha hekta kwa milimita za mvua kwa saa, zidisha kwa sehemu ya mvua inayotiririka, gawa kwa 360. Jibu ni mita za ujazo kwa sekunde.

Chukua nusu hekta ya kifusi kitupu, mvua kali ya milimita 80 kwa saa, na sita ya kumi ikitiririka: 0.5 × 80 × 0.6 ÷ 360 = 0.067. Hizo ni lita 67, yaani zaidi ya ndoo tatu kubwa za lita 20 kila sekunde. Simama uwaze watu watatu wakimwaga ndoo pale pale, kila ukihesabu moja, kwa dakika ishirini. Ukishaiona picha hiyo hutachimba tena kamtaro ka upana wa jembe.

Hekta moja ya kilima chenye nyasi nyuma yake, kwa mvua hiyohiyo na nne ya kumi ikitiririka, inaleta lita 89 nyingine.

Jaribio la bonge. Chukua bonge kavu la udongo wa kifusi, ukubwa wa punje ya mahindi, ulitumbukize taratibu kwenye glasi ya maji ya mvua. Usikoroge. Angalia baada ya dakika 10, tena baada ya saa moja. Likibomoka na kukaa chini, vizuri. Maji yanayolizunguka yakifanya wingu la maziwa, udongo huo huyeyuka wenyewe ukilowa, na ndio unaochimbika mahandaki kwa ndani. Kwenye udongo wa namna hiyo changanya jasi (ya Itigi inapatikana kwa wauza pembejeo na viwandani) kwenye tabaka la juu, na usiruhusu dimbwi hata la siku moja.

Umefaulu ikiwa una mchoro wa mkono wenye mishale: maji yanaingilia wapi, yatatokea wapi, na ni lita ngapi.

## Hatua ya 2: Anza na mwisho wa maji

Hapa ndipo wengi hunibishia. Wanataka kuanza juu kwa sababu maji yanaanzia juu. Lakini ukichimba mtaro kabla ya kujenga mahali pa kumwagia, mvua moja ya ghafla ya Agosti inakuchimbia korongo mwishoni mwa mtaro wako mpya.

Chimba bwawa la tope chini ya mteremko, kwenye ardhi ya asili na si juu ya kifusi. Ukubwa: mita za ujazo 125 kwa kila hekta iliyovurugwa. Kwa nusu hekta zinatosha 62, yaani shimo la mita 14 kwa 5 mdomoni, kina mita 1.3 kutoka usawa wa mlango wa kumwagia, kingo zikilala nyuzi 45. Urefu uwe angalau mara mbili ya upana, na maji yaingilie ncha moja na kutokea ncha nyingine. Maji yanahitaji safari ndefu ili tope lipate muda wa kutulia. Kwenye bwawa la mviringo maji hukata kona na kutoka na tope lao.

Mlango wa kumwagia uchongwe kwenye ardhi ngumu ubavuni, upana mita 1.5, utandikwe mawe. Tuta la bwawa liwe juu ya mlango huo kwa sentimita 40 au zaidi. Likijengwa kwa udongo uliochimbwa, lishindiliwe tabaka kwa tabaka, kila tabaka sentimita 20, udongo ukiwa na unyevu wa kufinyangika mkononi.

Onyo: zungushia uzio wa miiba siku hiyohiyo. Tope hilo linaonekana gumu juu na humeza ndama, na mtoto pia.

Umefaulu ikiwa ukimwaga pipa la maji kwenye kiingilio, yanatembea urefu wote wa bwawa kabla ya kukaribia mlango.

## Hatua ya 3: Mfereji wa kushushia maji

Huu ndio uti wa mgongo wa kazi yote, na ndio unaojengwa vibaya kuliko vyote. Kazi yake ni kuyateremsha maji yote ya ngazi (vijukwaa vinavyokatwa kwenye mteremko, hatua ya 6) kutoka juu hadi bwawani bila kugusa udongo.

Uweke wapi. Pembeni mwa kifusi, kwenye ardhi ya asili. Kifusi hukaa, maana yake huendelea kushuka taratibu kwa misimu kadhaa, na mfereji uliojengwa juu yake hupasuka katikati. Ikibidi upite juu ya kifusi, uwe wa mawe yaliyopangwa, kamwe usiwe wa zege. Mawe husogea yakafuata ardhi. Zege hubaki limening'inia, maji yanapita chini yake, na unakuja kugundua siku limevunjika vipande kama chapati kavu.

Uchimbe hivi. Upana mita 1.5, kina sentimita 90, umbo la karai. Tandika changarawe sentimita 10 hadi 15. Watu huruka tabaka hili kwa sababu halionekani kazi ikiisha. Bila hilo maji yanayopenya kati ya mawe hunyonya udongo wa chini, na mawe huzama moja moja.

Juu ya changarawe panga mawe unene wa sentimita 45, makubwa yakiwa chini na pembeni. Usiyamwage, yapange kwa mkono, kila jiwe likikaliwa na jingine, na mianya ijazwe vijiwe. Katikati ya mfereji pawe chini kuliko kingo kwa sentimita 30 kazi ikiisha. Nimeona mifereji mizuri iliyojazwa mawe hadi ikavimba mgongo; maji yakaiona kama kilima, yakapita pembeni kwenye udongo.

Mawe ya kingoni yafukiwe nusu, yawe sawa na ardhi au chini kidogo. Yakichomoza, yanakuwa ukuta wa kuyazuia maji ya pembeni yasiingie, nayo yatakimbia sambamba na mfereji wako.

Mguuni maji yana kasi kubwa kuliko mahali pengine popote. Chimba sakafu ya mita 3 kwa 2, iwe chini ya mdomo wa mfereji kwa sentimita 30, ipange mawe makubwa uliyonayo. Kutoka hapo yaingie bwawani yamechoka.

Umefaulu ikiwa mtu mzima akitembea juu ya mawe toka chini hadi juu hakuna linalocheza, na ukimwaga ndoo juu, maji yanabaki katikati mwendo wote.

## Hatua ya 4: Kinga maji ya juu

Sasa zuia maji ya kilimani yasifike kwenye kifusi kabisa. Kinga maji ni mtaro unaopita nyuma ya ukingo wa juu, angalau mita 5 kutoka ukingoni, au nyuma ya ufa wa mwisho ukiwepo. Mtaro ulio karibu na ukingo ukivuja unalainisha kifusi kwa ndani.

Kwanza sahihisha fremu ya A. Isimamishe, weka alama kamba inapokata fito ya kati. Geuza miguu ibadilishane nafasi, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa ulipo.

Kisha funga kipande cha mbao cha sentimita 1 chini ya mguu mmoja. Huo ndio mguu wa mbele, unaotangulia maji yanakoelekea. Kamba ikikaa kwenye alama ya usawa, ardhi imeshuka sentimita 1 kwa kila mita 2, yaani nusu ya asilimia moja. Piga kigingi, sogeza fremu, piga kingine. Kazi ya asubuhi moja, na watoto wa shule wanaiweza kuliko sisi.

Mbona kidogo hivyo? Kwenye udongo mtupu maji yakizidi kasi ya kutembea polepole huanza kuchimba. Mtaro wenye kitako cha sentimita 40, kina 45, na kuta zilizolala (sentimita 15 pembeni kwa kila 10 za kwenda juu), ukijaa hadi sentimita 30 kwa mwinamo huu hupitisha karibu lita 150 kwa sekunde kwa kasi ya mita 0.6 hivi. Lita zetu 89 zinapita bila kubanana. Udongo uliochimbwa urushie upande wa chini, uushindilie uwe tuta.

Maji haya ni safi. Yasiingie kwenye bwawa la tope. Yapeleke upande wa pili, kwenye nyasi za asili zilizoshikana au kwenye mkondo uliokuwepo, na utandike mawe mahali yanapotokea. Ukiyachanganya na maji machafu unalazimika kujenga bwawa mara mbili. Na angalia yanaishia kwa nani: jirani ambaye shamba lake halikuwahi kupata maji hayo atakuja na mwenyekiti wa kijiji, na atakuwa na haki.

Umefaulu ikiwa ukimwaga madumu mawili juu ya mtaro maji yanaserereka hadi mwisho, hayasimami popote. Dimbwi moja maana yake ni kigingi kimoja kilichokosewa, rekebisha leo.

## Hatua ya 5: Lainisha mteremko

Pima ukali hivi: weka ubao wa mita 1 juu ya mteremko, ncha moja ikigusa udongo, uusawazishe kwa pima maji, kisha pima kwenda chini kutoka ncha inayoelea. Ukipata sentimita 33, mteremko ni moja kwa tatu, na hilo ndilo lengo. Sentimita 50 ni moja kwa mbili, na hapo ni mwisho wa kuvumilia. Kifusi kilichomwagwa tu na lori husoma 70 na kuendelea. Nyasi haziwezi kushika hapo, hata ukizibembeleza.

Kulaza kifusi kunakula nafasi, na watu hushtukia katikati ya kazi. Kifusi cha kimo cha mita 8 chenye mteremko wa kumwagwa kinachukua karibu mita 10 kwa mlalo. Kwa moja kwa tatu kinataka 24. Ukikata juu na kujaza chini kwa kipimo sawa, ukingo wa juu unarudi nyuma karibu mita 7 na mguu unasogea mbele mita 7, bila kuhesabu nafasi ya ngazi. Pima nafasi hiyo kabla ya kuchimba bwawa wala kinga maji.

Tingatinga au ekskaveta ikipatikana hata kwa siku mbili, fedha yenu iende hapa na si kwingine. Kwa mikono, kata kuanzia juu ukishuka. Usikate mguu wa kifusi kamwe, hata kama ndiko udongo ulikolainika. Huo ndio unaoshikilia vilivyo juu, na ndio umewafukia watu wengi.

Kama nafasi haipo, kubali moja kwa mbili, weka ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji mguuni, na ongeza ngazi.

## Hatua ya 6: Ngazi za kupumzishia maji

Mteremko wa moja kwa tatu wenye kimo cha mita 8 una urefu wa mita 25. Maji yakikimbia mita 25 bila kizuizi yanafika chini na nguvu ya kuchimba. Yakatize kila mita 8 hadi 10. Hapa zinatosha ngazi mbili.

Kila ngazi iwe na upana wa mita 2 na ilale kuelekea ndani, upande wa kilima, kwa sentimita 10. Maji yatakusanyika kwenye kona ya ndani, mbali na ukingo. Kwa urefu, iiname sentimita 1 kwa kila mita 2 kuelekea kwenye mfereji wa mawe, kwa fremu ileile. Kama ngazi inazidi mita 50, ianzie katikati iinamie pande zote mbili, kila upande na mfereji wake.

Mtakapochimba, mzee mmoja atasema muache ngazi ziwe bapa, "zinywe maji kama shambani." Mkumbusheni tundu la Geita. Sakafu ya kona ya ndani ishindilieni hadi kisigino kisizame, ikiwezekana kwa udongo wa mfinyanzi.

Mahali ngazi inapoingia kwenye mfereji ndipo panapovunjika kwanza. Tandika mawe mita 1.5 ndani ya ngazi, na sakafu yake ishuke kidogo kuingia mfereji, isipande.

Umefaulu ikiwa mpira wa mtoto ukiwekwa popote kwenye ngazi unabingirika ndani, si nje.

## Hatua ya 7: Rudisha udongo

Kabla ya kumwaga udongo wa rutuba, kwaruza uso wa kifusi kwa sululu, kina sentimita 10 hadi 15, mistari ikikata mteremko na si kuufuata. Udongo mzuri juu ya uso laini huteleza wote kwa pamoja, kama blanketi kwenye kitanda cha turubai.

Unene wa sentimita 15 unatosha. Kwa nusu hekta hizo ni mita za ujazo 750, safari 150 za lori la mita 5. Vikundi vingi haviwezi. Basi weka udongo na samadi kwenye mistari ya vetiva tu, upana nusu mita, na ngazi zenyewe. Pengine patapata kwa marejea na nyasi zitakazooza. Usikwangue udongo wa shamba la mtu ili kuponya kifusi.

## Hatua ya 8: Panda, kwa mpangilio huu

Vetiva kwanza. Chana shina kubwa, kila kipande kiwe na machipukizi 2 au 3. Kata majani yabaki sentimita 20 na mizizi sentimita 10. Panda mstari mmoja ukikata mteremko, sentimita 12 kati ya shina na shina, na mistari ipishane mita 1.5 kwa kimo. Kifusi chetu cha mita 8 kinapata mistari 5. Kikiwa na upana wa mita 60 hizo ni mita 300 na machipukizi 7,500. Ndiyo maana kitalu kinaanzishwa mwaka mmoja kabla.

Usiongeze nafasi ili machipukizi yatoshe. Mstari wenye pengo la nusu mita ni mbaya kuliko kutokuwa na mstari, maana maji yote yanakusanyika yapite pengoni. Bora mistari mitatu iliyoshikana.

Kati ya mistari tawanya marejea na uchomeke ukoka. Marejea huota haraka na kurutubisha udongo, ukoka hutambaa na kushika. Funika kwa nyasi kavu hadi ukisimama wima uone udongo kidogo tu, robo au chini yake. Nyasi hizo zinafanya kazi kuliko mimea yenyewe kwa wiki sita za mwanzo, kwa kuvunja matone kabla hayajapiga udongo.

Miti ingoje msimu wa pili. Najua wafadhili wanapenda kupiga picha na mche. Mti mchanga haushiki uso wa udongo, na kivuli chake baadaye huua vetiva, inayotaka jua. Mtu atakutajia machimbo ya Bamburi, Mombasa, yaliyogeuzwa msitu kwa mivinje kuanzia 1971. Ni kweli, na ni kazi ya kupigiwa saluti, lakini ile ilikuwa sakafu bapa ya mawe ya matumbawe, si kifusi kinachoteleza. Mgunga na mlusina vipandwe mguuni na juu nyuma ya kinga maji, kamwe visipandwe kwenye mdomo wa ngazi wala karibu na mfereji wa mawe.

Mahindi, mihogo na mchicha visipandwe hapo. Udongo wa mgodi unaweza kuwa na zebaki au arseniki isiyoonekana. Mbuzi na ng'ombe wakae nje msimu mzima wa kwanza.

## Hatua ya 9: Mvua tano za kwanza

Weka kopo la mvua. Kila likisoma zaidi ya milimita 20, kagua siku hiyohiyo. Vaa koti la mvua ukatembee mvua ikiwa bado inanyesha, pembeni mwa kifusi na si chini yake. Dakika kumi za kuyatazama maji yakitembea zinakufundisha kuliko mwongozo wowote, huu ukiwemo.

Ukiona vijifereji vyenye kina cha kidole, viangalie tu. Vikifika sentimita 10, panda navyo hadi vinapoanzia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndiyo, lakini hapa ukiziba bila kujua maji yametokea wapi utaziba tena wiki ijayo. Huko juu kutakuwa na ngazi iliyojaa tope, njia ya mbuzi, au pengo la vetiva. Rekebisha hapo, ndipo ujaze kijifereji kwa udongo uliochanganywa na mawe, ushindilie.

Ukiona korongo dogo limeshaanza, panga vizuizi vya mawe vya kimo cha nusu mita. Nafasi kati yao: gawa kimo kwa mwinamo. Korongo la asilimia 10 ni 0.5 ÷ 0.10, yaani mita 5. Kichwa cha kizuizi cha chini kilingane na mguu wa cha juu. Katikati pawe chini ya pembeni kwa sentimita 20, na mawe yaingie ndani ya kuta za korongo angalau sentimita 30.

Ukiona shimo limezama juu ya ngazi, au maji machafu yanatoka mguuni mahali ambapo hakuna mfereji, ondoa watu chini. Hilo ni handaki au duara la zamani linaamka. Yachepushe maji ya juu kwanza, mbali kabisa na shimo. Kulichimbua na kulijaza kungoje kiangazi, na mtu anayejua maduara ya eneo hilo awepo.

Bwawa likijaa tope nusu, lichote. Tope hilo lisimwagwe kijitoni. Lirudishe nyuma ya tuta, ulifunike kwa nyasi.

Kisha kuna chupa. Kila mvua kubwa, teka kwenye chupa maji yanayotoka kwenye mlango wa bwawa, andika tarehe, ipange dirishani ofisini. Ya kwanza itakuwa rangi ya chai ya maziwa, usishtuke. Ya tatu iwe kama chai ya rangi. Ukifika ya tano na bado huoni kidole chako upande wa pili wa chupa, rudi hatua ya 6 na fremu yako ya A, kwa sababu kuna ngazi moja huko juu imelala kinyume.